Mume Asiyesema: Mwili wa Mwanamume na Ukimya wa Maradhi katika Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna maradhi ya mwanamume yanavyosemwa, na zaidi namna yanavyonyamaziwa, katika fasihi ya Kiswahili. Matini tatu za vipindi tofauti zimeteuliwa: Utendi wa Mwana Kupona (1858), riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, na tamthiliya ya Orodha (2006) ya Steve Reynolds. Uchambuzi wa matini hizo umetanguliwa na mjadala mfupi wa methali, misemo na miundo ya kisarufi ambayo wazungumzaji wa Kiswahili huitumia kuelezea kuumwa na kustahimili. Makala yanadai kwamba ukimya wa mwanamume kuhusu afya yake si wa namna moja: katika utendi mwili wake umekabidhiwa kwa mke, katika riwaya uchungu wake umegeuzwa kuwa falsafa, na katika tamthiliya hali yake imefichwa kwa kuogopa kutajwa. Aidha, makala yanadai kwamba wahakiki, akiwamo mwandishi wa makala haya, wamezisoma matini hizi kwa muda mrefu bila kuuona ukimya huo.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, katika semina ya wanafunzi wa shahada ya umahiri, tulikuwa tukisoma Utendi wa Mwana Kupona. Tulipofika kwenye beti zinazomwelekeza binti namna ya kumkanda mumewe, kumpepea na kumwosha, mwanafunzi mmoja wa kiume aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, huyu mume ni mzima au ni mgonjwa?" Darasa lilicheka, nami nilicheka. Kisha nikagundua kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeufundisha utendi huo kwa takriban miaka ishirini, nimeueleza kwa mwelekeo wa dini, wa historia ya Pate na Siu, na wa nadharia ya ufeministi, lakini sikuwahi kuuliza habari za afya ya mtu ambaye mwili wake unashughulikiwa kwa beti kadhaa mfululizo.

Swali hilo lilinikuta mahali pabaya. Muhula huohuo familia yetu ilikuwa ikimuuguza kaka yangu mkubwa. Kwa karibu mwaka mzima kila nilipompigia simu alinijibu kwa sentensi ileile: "Ni uzee tu." Alipokubali kwenda hospitali alikwenda akiwa amebebwa. Sikusudii kuifanya makala haya kuwa tanzia. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaeleza kwa nini swali la mwanafunzi yule halikuniacha, na kwa sababu sentensi ya kaka yangu ni data ya kiisimu ambayo nitairejea.

Kwamba wanaume wengi huchelewa kutafuta matibabu si jambo linalohitaji kuthibitishwa upya hapa. Karibu kila nchi duniani wanawake huishi muda mrefu kuliko wanaume kwa wastani, na mwaka 2017 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia UKIMWI, UNAIDS, lilitoa ripoti iliyojikita katika namna wanaume wanavyoachwa nyuma katika upimaji na matibabu ya Virusi vya UKIMWI. Wataalamu wa afya ya jamii wanalichunguza suala hili kwa zana zao. Swali letu ni la kifasihi na kiisimu: je, lugha na fasihi ya Kiswahili imempa mwanamume maneno gani ya kusemea mwili wake unapoharibika? Na pale ambapo haikumpa, nani anasema kwa niaba yake?

2.0 Lugha ya Kuumwa na Lugha ya Kujikaza

Tuanze na sarufi. Katika Kiswahili, anayeumwa si mtenda. Tunasema "kichwa kinaniuma", ambapo kiungo cha mwili ndicho kiima na mtu ni yambwa. Tunasema "ninaumwa kichwa", ambapo mtu ni kiima lakini kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa. Tunasema "nimeshikwa na homa" au "malaria imenilaza". Katika miundo yote hii mgonjwa anapatwa, anashikwa, analazwa. Kinyume chake, kitenzi cha kustahimili kinachotumika zaidi kina kiambishi rejeshi: "kujikaza". Anayejikaza ni mtenda na ni mtendwa wa nafsi yake mwenyewe. Ameurudisha utawala wa mwili mikononi mwake, angalau kisarufi.

Mpaka hapa hakuna jinsia. Mwanamke pia huumwa kichwa na hujikaza. Jinsia huingia kupitia kielezi. Husemwa "jikaze kiume", na kila mzungumzaji anaelewa. "Jikaze kike" haisemwi. "Kike" hujitokeza zaidi kwenye kulia, kuogopa na kulalamika, tena kama kashfa kwa mwanamume. Hata msemo wa mtaani "jikaze kisabuni", ambao kwa umbo hauna jinsia, mara nyingi huelekezwa kwa kijana wa kiume aliyeonyesha dalili ya kulegea. Kiambishi ki- cha namna, ambacho wanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuwa ni cha kuundia vielezi tu, hapa kinabeba maadili mazima.

Methali moja ya pwani inaonyesha uzito wa kiambishi hicho: "Kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana." Vielezi viwili vya umbo moja vimewekwa mkabala, na kimya cha kondoo anayechinjwa kimefanywa kuwa kipimo cha uungwana. Ni haki kusema kwamba methali hii haitaji wanaume, na kwamba inahusu heshima mbele ya kifo kisichoepukika, si kukataa dawa. Lakini methali huishi katika matumizi, na katika matumizi mpaka kati ya kifo kisichoepukika na maradhi yanayotibika huvukwa kwa urahisi. Methali inayoijibu ipo pia: "Mficha maradhi kifo humuumbua." Tukiziweka pamoja tunaona kwamba utamaduni wenyewe haukuwa na kauli moja. Uliusifu ukimya, na uliuonya. Kilichobadilika ni methali ipi inakumbukwa na nani, na wakati gani.

Turejee sentensi ya kaka yangu. Neno "tu" katika "ni uzee tu", "ni uchovu tu", "ni homa tu" linafanya kazi mbili. Kwanza linapunguza ukubwa wa jambo. Pili, na hili ndilo muhimu zaidi kipragmatiki, linafunga mazungumzo. Anayeambiwa "ni uchovu tu" hana swali la kufuatia lisilokuwa la kumdhalilisha msemaji, kwa kuwa kuuliza zaidi ni kumwambia kwamba hajui mwili wake au kwamba anadanganya. Kwa hiyo ukimya wa mwanamume si lazima uwe kutosema. Mara nyingi ni kusema sentensi fupi inayomnyamazisha mwingine.

Msamiati nao una mitego yake. Tezi inayowasumbua wanaume wengi wenye umri mkubwa tumeipa jina la "tezi dume", na neno "dume" katika Kiswahili halitaji jinsia ya mnyama pekee, bali hutaja pia ushupavu, kama katika msemo "dume la mbegu". Kwa hiyo kusema "tezi dume langu lina kasoro" ni kutaja ugonjwa na, kwa mwangwi wa neno, kutaja kasoro ya udume. Si ajabu kwamba kipimo cha tezi hiyo kimezungukwa na mizaha kuhusu kidole cha daktari, mizaha ambayo hudumu hata pale kipimo cha damu kinapopatikana. Kadhalika, "nguvu za kiume" ni tasfida iliyozagaa kwenye kuta na nguzo za miji yetu, ikitangaza unga na mizizi. Tasfida hiyo inaficha ukweli wa kitabibu kwamba kupungukiwa nguvu hizo kunaweza kuwa dalili ya kisukari au ya maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Lugha imekifanya kuwa upungufu wa uanaume kile ambacho kingeweza kuwa taarifa ya mapema kuhusu sukari katika damu. Mwanamume ananunua unga badala ya kupima. Na katika mikoa ya pwani ya Tanzania, ambako minyoo inayoenezwa na mbu husababisha matende na mabusha, busha limekuwa mzaha wa barazani, ilhali ni ugonjwa unaotibiwa kwa upasuaji. Mwenye nalo hujifunza kuchagua kanzu pana au msuli.

Hata neno "kliniki" limepata jinsia. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Tanzania, "anakwenda kliniki" hueleweka kwanza kuwa habari za mjamzito au mama mwenye mtoto mchanga. Mwanamume akisema sentensi hiyo kuhusu nafsi yake hulazimika kufafanua.

Hata hivyo, sarufi hiyohiyo ina hazina ambayo haijatumiwa vya kutosha katika mjadala huu. Kutokana na "ugua" tunapata "uguza", ambacho kwa umbo ni kauli ya kutendesha lakini maana yake iliyozoeleka si kumfanya mtu augue, bali kumhudumia anayeugua. Tunapata pia "uguliwa": "ameuguliwa na mumewe". Muundo huu, kama "fiwa" katika "amefiwa na mumewe", humfanya kiima mtu ambaye si mgonjwa bali aliyepatwa na ugonjwa wa mwingine. Kwa maneno mengine, Kiswahili kinajua, katika mofolojia yake, kwamba ugonjwa wa mtu mmoja huwatokea wengine pia. Mwanamume anayesema "niacheni, ni mwili wangu" anasema jambo ambalo lugha yake haikubaliani nalo.

3.0 Utendi wa Mwana Kupona: Mwili Uliokabidhiwa

Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyepambana na utawala wa Seyyid Said wa Zanzibar, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1856. Mtunzi mwenyewe alikuwa mgonjwa, na alifariki yapata miaka miwili baadaye. Mambo haya yanajulikana na hutajwa katika dibaji za matoleo ya utendi huu tangu lile la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934. Lakini hutajwa kama usuli, kisha huachwa mlangoni uchambuzi unapoanza.

Tukiyaingiza ndani, utendi unasomeka kwa namna nyingine. Mtunzi anataja ugonjwa wake mapema, kwa uwazi, na anataja hata muda ambao umemshika. Ugonjwa ndio sababu ya kutunga: anamwita bintiye aje na wino na karatasi kwa kuwa hajui muda uliobaki. Kwa hiyo nafsineni ni mwanamke anayeweza kusema "ninaumwa" bila kupoteza hadhi. Kinyume chake, kauli hiyo ndiyo inayompa mamlaka ya kuusia.

Katika usia huo kuna radhi tano ambazo binti anapaswa kuzitafuta: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Sehemu ya mume ndiyo iliyozua mjadala mrefu. Wahakiki wengi wa kifeministi wameiona kuwa hati ya utii. Ann Biersteker (1991) alitualika kuisoma upya kama matini yenye mamlaka ya mwanamke na yenye ujanja wa kimaana. Misomo yote miwili inauliza utendi unamfanya nini mke. Sisi tunauliza unamfanya nini mume.

Jibu ni kwamba unamfanya mwili. Mume analala na kukandwa, anapepewa, hapaswi kuamshwa wala kupigiwa kelele; akiamka anaandaliwa chakula, anasingwa, anaoshwa, ananyolewa, anafukiziwa udi asubuhi na jioni. Mtunzi anamlinganisha na mtoto ambaye hajajua kusema. Tashibihi hii kwa kawaida hufasiriwa kama kejeli ya kichinichini au kama unyenyekevu uliokithiri. Tunapendekeza ichukuliwe pia kwa maana yake ya wazi. Mume hasemi. Hatajwi akisema kwamba mgongo unamuuma au kwamba hakulala. Ni mke anayepaswa kuusoma mwili huo, kuujua bila kuambiwa, kama mama anavyojua kwa nini mtoto mchanga analia. Hapo ndipo swali la mwanafunzi wangu linapata jibu: utendi hauwezi kutuambia kama mume ni mzima au mgonjwa, kwa kuwa umempa kila huduma anayostahili mgonjwa isipokuwa nafasi ya kusema anaumwa wapi.

Anayeusia haya ni mjane. Ameshamuuguza au ameshamzika mwanamume ambaye jina lake lilikuwa kubwa vitani. Hatujui Bwana Mataka alisema nini kuhusu mwili wake, na si kazi ya mhakiki kubuni. Lakini tunaweza kusema kwamba maarifa ya kuutunza mwili wa mwanamume, katika matini hii, yanarithiwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Hayapitii kwa mwana wa kiume hata kidogo. Mwanamume anarithi mwili. Mwanamke anarithi maarifa ya mwili huo. Mgawanyo huu wa urithi ndio tunaouita kukabidhi, na athari yake ni ya pande mbili: unamlemea mke kwa kazi isiyo na mwisho, na unamwacha mume bila ujuzi wa kitu kilicho chake zaidi ya vyote. Usomaji wa kifeministi umeuona upande wa kwanza kwa usahihi. Upande wa pili haupunguzi wa kwanza, unaueleza.

4.0 Kichwamaji: Uchungu Uliogeuzwa Falsafa

Tukiruka zaidi ya karne moja, tunamkuta Kazimoto wa Kezilahabi, ambaye si mtoto asiyejua kusema. Ni msomi wa chuo kikuu, anasimulia katika nafsi ya kwanza, na anasema sana: kuhusu Mungu, uhuru, kifo, ndoa, kijiji na elimu. Anafiwa na dada yake, Rukia. Anatafuta kisasi, anaoa, mtoto mwenye kichwa kikubwa anazaliwa, na mwishowe Kazimoto anajiua. Jina la riwaya lenyewe ni jina la ugonjwa.

Uhakiki wa Kichwamaji kwa sehemu kubwa umeisoma riwaya hii kwa jicho la udhanaishi. Usomaji huo una msingi. Kezilahabi alikuwa mwandishi mwenye elimu pana ya falsafa, na maswali ya Kazimoto ni maswali ya kweli ya kifalsafa. Hatudai kwamba wahakiki walikosea. Tunadai kwamba walitosheka mapema. Kifo cha Kazimoto kilipopewa jina la hitimisho la kifalsafa, hakikuhitaji tena kuulizwa maswali ambayo tungemuuliza jirani yetu: alikuwa akilala? Alikuwa na nani wa kumwambia? Msiba wa dada yake aliulia wapi?

Ukiyauliza maswali hayo, muundo wa riwaya unaonekana upya. Mazungumzo ya Kazimoto na wenzake ni ya mabishano zaidi kuliko ya kukiri. Wanaume wa riwaya hii wanaweza kushindana kwa hoja kuhusu maana ya maisha usiku kucha, lakini kati ya hoja na hoja hakuna mahali pa kusema "nimechoka, nisaidieni". Hoja ni vazi. Linasitiri kama kanzu inavyositiri busha, na lina heshima zaidi. Msomi anayesema "maisha hayana maana" anaheshimiwa kama mwanafikra; akisema "sina nguvu ya kuamka asubuhi" anaambiwa ajikaze. Maudhui ya sentensi hizi mbili yanaweza kuwa yaleyale.

Fasihi ya Kiswahili imewahi kumruhusu mwanamume kuomboleza. Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina katika shairi lenye jina hilo, na hakuna aliyemwona dhaifu. Abdilatif Abdalla aliandika Sauti ya Dhiki (1973) kutokana na kifungo chake cha miaka ya 1969 hadi 1972, na dhiki yake ikawa fahari ya ushairi wetu. Lakini tuangalie masharti ya ruhusa hiyo. Wa kwanza analia kwa sababu ya kifo cha mwingine. Wa pili anateswa na dola. Uchungu wa mwanamume unasemeka unapotoka nje: kwa msiba, kwa adui, kwa dhuluma. Uchungu unaotoka ndani ya mwili au akili yake, usio na adui wa kumwonyeshea kidole, ndio unaokosa utanzu. Kezilahabi alikaribia kuupa utanzu huo. Sisi wahakiki tukaurudisha kwenye falsafa, ambako tulikuwa na istilahi tayari.

5.0 Orodha: Hofu ya Kutajwa

Tamthiliya ya Orodha ya Steve Reynolds, ambayo imesomwa na wanafunzi wengi wa kidato cha tatu na cha nne nchini Tanzania, imejengwa juu ya tukio moja. Msichana aitwaye Furaha amefariki kwa UKIMWI. Ameacha barua yenye orodha, na barua hiyo inatakiwa isomwe kwenye mazishi yake. Wanaume waliokuwa na uhusiano naye, wakiwamo watu wenye heshima katika jamii, wanahangaika kuizuia isisomwe, wakiamini kwamba majina yao yamo. Inaposomwa, orodha si ya wanaume. Ni ya mambo ambayo yangeweza kumwokoa Furaha.

Tamthiliya hii hufundishwa kama kazi ya kuelimisha kuhusu UKIMWI, na mara nyingi huishia kwenye kuorodhesha dhamira. Lakini kuna jambo katika muundo wake ambalo maswali ya mitihani hayaligusi. Mgogoro wote unaendeshwa na hofu ya wanaume, na hofu hiyo ni ya kutajwa. Hawa ni watu ambao wana sababu ya kuhofia maisha yao. Msichana waliyekuwa naye amekufa kwa ugonjwa unaoambukizwa. Jambo la kwanza ambalo akili ingewaelekeza ni kupima. Badala yake nguvu zao zote zinakwenda kwenye karatasi. Wanailinda sifa kutokana na barua, na kuuacha mwili kwa virusi.

Kejeli ya kidrama ni kwamba karatasi hiyo haikuwa na majina yao, bali ilikuwa na yale ambayo yangewafaa wao pia. Waliogopa matini bila kuisoma. Kama tulivyoona, katika utendi mwanamke mgonjwa anaandika usia ambao unautunza mwili wa mwanamume; katika tamthiliya mwanamke aliyekufa anaacha maandishi ambayo yangeweza kuutunza pia, na wanaume wanataka kuyaiba. Kati ya 1858 na 2006 mwandishi wa maarifa ya afya ndani ya matini zetu amebaki kuwa mwanamke anayeumwa, na mwanamume amebaki kuwa asiyesema. Tofauti ni kwamba mume wa Mwana Kupona alipewa ukimya, ilhali wanaume wa Orodha wanaupigania.

Lugha ya mitaani ya miaka ya janga hilo inaunga mkono usomaji huu. Misemo kama "amekanyaga miwaya" au "ana ngoma" ilimtaja mgonjwa bila kutaja ugonjwa. Tasfida hizo zilisaidia watu kuzungumza, lakini zilikuwa za nafsi ya tatu. Zilifaa kwa kumsema mwingine. Ni nadra mtu kuzitumia kujisema mwenyewe isipokuwa kwa mzaha, na mzaha, kama "tu" ya kaka yangu, hufunga mazungumzo.

6.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni la kiisimu. Je, hatudai kwamba lugha huwafanya wanaume wagome kwenda hospitali, na hivyo kuirudisha kwa mlango wa nyuma nadharia ya Sapir na Whorf katika umbo lake kali? Hatudai hivyo. Wanaume wanaozungumza lugha zisizo na "jikaze kiume" nao huchelewa kutibiwa. Vilevile, zipo sababu ambazo hazihusiani na lugha: gharama, umbali, saa za huduma zinazogongana na saa za kibarua, na vituo ambavyo kwa miaka mingi vimepangwa kwa ajili ya mama na mtoto. Tunachodai ni kidogo zaidi: lugha na fasihi humpa mtu sentensi za kuanzia. Asiye na sentensi ya kuanzia huchelewa kuanza.

Pingamizi la pili ni la kiutamaduni: je, hatuutuhumu utamaduni wetu wa ustahimilivu, na hasa jando, kwa kosa la zama za sasa? Ni kweli kwamba jandoni kijana alifundishwa kuvumilia kisu cha ngariba bila kulia, na somo hilo ndilo linalokumbukwa zaidi. Lakini kumbini palikuwa na somo la pili. Baada ya kukatwa, vijana walikaa pamoja wakitunzwa na wanaume wenzao mpaka vidonda vikapona. Kidonda kilitazamwa kila siku, kilisafishwa, kilisemwa. Kwa majuma kadhaa mwanamume alimuuguza mwanamume, bila aibu, katika sehemu ya mwili yenye aibu kuliko zote. Tumerithi kisu na kusahau uuguzi. Kwa hiyo hatuhitaji kuagiza kutoka nje kielelezo cha mwanamume anayetunza afya; tunahitaji kukumbuka nusu ya pili ya somo letu wenyewe.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha namna tatu za ukimya: kukabidhi, kufalsafisha na kuficha. Namna hizi hazifuatani kihistoria kana kwamba moja iliondoka nyingine ikaja. Zote zipo leo. Mwanamume mmoja anaweza kumwachia mkewe kukumbuka tarehe za vipimo vyake, kuugeuza msongo wa mawazo kuwa mjadala wa siasa barazani, na kuficha karatasi ya majibu kwenye droo ya ofisi, yote katika wiki moja.

Kwa uhakiki, matokeo ni mawili. Kwanza, masomo ya jinsia katika fasihi ya Kiswahili, ambayo kwa haki yalianza kwa kuuliza mwanamke amechorwaje, yana kazi ya kuuliza mwili wa mwanamume umechorwaje. Kufanya hivyo si kumwondolea mwanamke nafasi. Tumeona katika Utendi wa Mwana Kupona kwamba mzigo wa mke na ujinga wa mume kuhusu mwili wake ni jambo moja lililotazamwa kwa pande mbili. Pili, tufundishapo Kichwamaji na Orodha, tuwape wanafunzi wetu maswali ya kitabibu pamoja na ya kinadharia. Wengi wao ni vijana wa kiume, na pengine darasa la fasihi ndilo mahali pekee ambapo watamzungumzia mwanamume anayeumia bila kulazimika kusema kwamba ni wao.

Mwanafunzi aliyeuliza kama mume wa utendi ni mzima au mgonjwa alimaliza shahada yake na sasa anafundisha. Sikuwahi kumwambia kwamba swali lake lilinipeleka kupima shinikizo la damu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Kaka yangu hakupata muda huo. Familia yetu iliuguliwa naye, kisha ikafiwa naye, na sarufi ya vitenzi hivyo viwili, ambayo nimeifundisha kwa miaka mingi kama mada ya mnyambuliko, sasa naifundisha polepole zaidi.